Kuanzia Nyuma ya Jiko

Wiki niliyofungasha kwenda Uingereza, baba yangu alinipa agizo moja tu. Alikuwa amesimama jikoni kwetu, mtaa wa Overport, Durban, akipiga pasi shati lake la kanisani, na mvuke ulikuwa umemfunika miwani.

"Ukifika mu kijiji ya batu, huanzi kutembea-tembea kama mbuzi," alisema. "Unaenda kwanza kwa chef. Unamwambia: niko mutoto ya fulani, nimetoka fasi fulani, nimefika. Kisha ndiyo unatembea."

"Papa, vijiji vya Uingereza havina chef, havina mkuu wa kijiji."

Aliinua pasi, akanitazama kupitia ule ukungu wa miwani. "Kijiji bila chef? Basi hiyo haiko kijiji, ma fille. Iko parking."

Mimi, ma fille wake, yaani binti yake, ni mtoto wa Durban kwa malezi. Wazazi wangu walinileta hapa nikiwa nimefungwa mgongoni, wakitokea milima iliyo juu ya Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mama ana saluni ndogo mtaa wa pili kutoka nyumbani. Baba anafanya kazi bandarini, kwenye geti ambako malori hutoka na makontena, na anaweza kukwambia kwa kusikia breki tu kama dereva ana haraka au ana hofu. Lakini hadithi za kwetu nilizozikuta utotoni zilikuwa za watu wengine. Za baba hazikuwapo. Kila nilipomwuliza habari za kijiji chake alijibu neno moja, "Nimesahau," kisha akawasha redio.

Mwaka huo neno hilo lilikuwa limeanza kuwa zito. Watu walikuwa wanarudi kule milimani baada ya miaka mingi ya kutawanywa na vita, familia baada ya familia, na kabla ya mvua za kupanda walikubaliana kukaa chini na majirani waonyeshane mipaka ya mashamba. Karibu na mgongo wa kilima kuna mahali alipozikwa bibi yangu, mama yake baba. Hakuna aliyejua kama mahali hapo ni petu au ni pa majirani, watu wa ng'ambo ya kilima. Watu wa ng'ambo nao hawakujua. Wazee wao waliojua walikufia kwenye kambi za wakimbizi. Hawakuwa na ubaya wowote. Walitaka kulima tu.

Binamu yangu aliyerudi huko alikuwa akitutumia sauti kwenye simu, upepo ukivuma nyuma ya maneno yake. "Papa mukubwa, ni weye peke yako umebakia mwenye alitembezwa mupaka na babu. Tuambie tu: pale kwa kaburi ya bibi, mupaka inapita wapi? Tukikosa jibu, batalima pale juu."

Baba aliisikiliza kila sauti hadi mwisho. Kisha aliiweka simu mezani taratibu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa, akasema, "Nimesahau."

Nilidhani hataki. Niliondoka na dhana hiyo, imenikaa kifuani kama tonge kavu.

*

Nilikuwa nimealikwa kukaa majira ya kuchipua kwenye nyumba ya waandishi, shambani, nje kidogo ya kijiji kimoja cha kale. Naandika riwaya, na riwaya niliyokuwa nayo mkononi wakati huo ilikuwa inahusu kijiji nisichokijua. Kila sura ilikuwa na milima, na kila mlima ulikuwa umetengenezwa kwa karatasi.

Asubuhi ya kwanza nilitembea hadi kijijini. Sijui nilitarajia nini. Nilichokikuta kilinisimamisha barabarani. Nyumba zilikuwa za mawe yenye rangi ya mandazi yaliyoiva, zimeegemeana kando ya barabara moja iliyopinda kama haikuwa na haraka ya kufika popote. Nyingine zilikuwa na mapaa ya nyasi, manene, yaliyochanwa na kukatwa kingo kwa ustadi ambao ungemfanya mama yangu aweke kitana chini na kupiga makofi. Juu ya yote ulisimama mnara wa kanisa, mkubwa kuliko ambavyo kijiji kidogo kama kile kingeweza kuuhitaji. Kunguru walikuwa wakizunguka kileleni kwa fujo, kama wapangaji waliochelewa kuamka.

Nikakumbuka agizo. Nilijiambia kwamba ni upuuzi, nikapiga hatua chache, nikashindwa. Miguu ilikuwa inaona aibu. Karibu na kanisa nilimkuta mwanamke mwenye nywele nyeupe na mabuti ya matope, akibandika tangazo kwenye ubao.

"Samahani," nilisema. "Namtafuta mkuu wa kijiji."

Mabega yake yalishuka. "Kama ni lile shimo la barabarani, nimeshawaandikia wilayani. Nimewapigia simu. Kilichobaki ni kwenda kulala ndani yake."

"Hapana, Mama. Sina malalamiko. Nimekuja tu kujitambulisha. Mimi ni mtoto wa fulani, wa milima ya Uvira, nimetokea Durban, nimefika."

Alibaki ameshika pini hewani. Nikahisi uso unanichoma. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la kijiji, kazi isiyo na mshahara ambayo, kwa maneno yake, aliipata kwa kuchelewa mkutano: alipoingia tu, wote wakainua mikono.

"Miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki," alisema hatimaye, "watu hunijia kwa sababu ya shimo, mbwa, au miti ya jirani. Hakuna aliyewahi kuja kuniambia kwamba amefika." Akachoma pini ubaoni. "Basi, karibu. Umefika. Unakunywa chai?"

Nilimwita Mama mpaka siku niliyoondoka. Kule watu huitana majina tu, hata mzee kwa kijana, na mwanzoni aliniambia kwamba hana mtoto hata mmoja. Nikamweleza kwamba hilo si sharti. Alifikiri kidogo, akasema kwamba kwa hiyo amepata mtoto bila kununua nepi, akalikubali jina.

Ni yeye aliyenifungulia kijiji. Hakunionyesha kama mtu anayeonyesha vitu vya dukani. Alikigusa. Alipita akipapasa kuta, akaniambia nyumba ipi ilikuwa ya mfumaji na ipi ya mhunzi, na kwa nini kizingiti fulani kimelika katikati kama sabuni: ni miguu tu, ya watu walioingia na kutoka kwa mamia ya miaka. Nilivua kiatu na kuweka mguu wangu pale. Jiwe lilikuwa baridi, na bonde lake lilinikaa sawasawa.

Alinipeleka kwenye malisho ya chini, karibu na mto. Jua lilikuwa limeanza kulala ubavu. Niliona kondoo, na majani, na kitu kama mawimbi ardhini.

"Unasimama sebuleni kwa mtu," alisema.

Zamani kijiji kilikuwa pale chini. Kisha mwenye ardhi aliona kwamba kondoo wana faida kuliko watu, kwa kuwa kondoo hawalalamiki na wanaota sufu. Watu wakaondolewa. Wengine walipanda juu wakajenga upya kule penye mnara. Na mnara wenyewe, alisema bila kunificha, ulijengwa kwa pesa za sufu hiyo hiyo. Lakini majani hayakusahau. Mwanga ukija upande, unaona misingi ya nyumba, na njia iliyokuwa inapita katikati, na matuta ya mashamba yaliyolimwa na watu ambao hakuna anayewajua hata kwa sura.

Nilikuwa nimekuja na imani kwamba kuna nchi ambazo watu wake hufukuzwa makwao na nchi ambazo watu wake walikaa wakatulia. Sasa nilikuwa nimesimama penye mlango wa mtu aliyeamriwa kuondoka, na kondoo alikuwa anakula kizingiti chake. Kilichonishangaza si huzuni hiyo. Nilishangaa kwamba mwanamke huyu aliizungumzia kama habari ya jirani, kwa upole, kama vile waliohamishwa walikuwa wamepita asubuhi hiyo na vyungu vyao.

Ndani ya kanisa kulikuwa na kitu alichokuwa amekihifadhi mwisho, kwa ajili yangu. Ukutani, chini kabisa, kwenye kona ambayo fagio husahau, kulikuwa na kibao cha jiwe cha kijana wa kijiji kile aliyekwenda mbali akafa kwa homa. Nilipiga magoti kusoma. Mahali alipofia palikuwa pameandikwa Port Natal. Ndilo jina la zamani la Durban.

"Niliposikia unatoka wapi, nilijua lazima nikulete," alisema. "Huyu wetu alifika kwenu. Sidhani kama alijitambulisha kwa mtu yeyote."

Nilicheka kanisani, kwa sauti, na mwangwi ukacheka nami.

*

Mei ilipofika, karibu na sikukuu ya Kupaa, tangazo lile lililobandikwa siku ya kwanza lilipata maana. Kila mwaka wakati huo wanakijiji huzunguka mpaka wa kijiji chao kwa miguu. Hubeba fimbo za mti unaoota kando ya mto, zilizomenywa ganda hadi zikawa nyeupe, na kila wanapofika penye alama, jiwe au mti au daraja, husimama na kuichapa.

"Kwa nini mnaichapa?" nilimwuliza Mama.

"Ili ikumbuke. Na ili sisi tukumbuke. Zamani hakukuwa na ramani."

"Na sasa ramani zipo."

"Zipo kwenye kabati langu. Hazijawahi kunifurahisha."

Jioni ya kabla ya matembezi kulikuwa na chai kwenye ukumbi wa kijiji. Atakayeongoza njia alikuwa mzee mrefu, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye kila mtu alisema anaujua mpaka ule kama mfuko wa koti lake. Nikamwendea na kikombe changu. Nilitaka tu kujua kama nyumba ya waandishi, nilikokaa, iko ndani ya mpaka au nje.

Alifumbua mdomo, akaufumba. Aliweka biskuti chini. Akafumba na macho.

"Ajabu," alisema. "Siwezi kukwambia."

"Mwalimu wa jiografia!" Mama alimrushia neno kutoka penye birika la chai. "Ulikuwa unawafundisha nini wale watoto? Kushona?"

"Ngoja, ngoja. Naijua. Lakini siwezi kuingia katikati." Aligeuka kwangu, na nikaona kwamba lilikuwa linamsumbua kweli. "Baba yangu alinifundisha kuanzia darajani. Ukiniweka darajani, nitakupeleka mpaka shambani kwenu na kupita. Ukiniuliza nikiwa hapa nimekaa, hakuna kitu. Njoo kesho. Miguu itaniambia."

Niliisikia sauti ya binamu yangu, na upepo wake: *pale kwa kaburi ya bibi, mupaka inapita wapi?* Kila mara tulikuwa tumemwuliza baba swali la katikati. Tulimwuliza akiwa amekaa, sebuleni, kwa simu, mbali na mlima wowote.

Kesho yake tulianzia darajani. Mzee aliweka mkono kwenye ukuta wa daraja, akavuta pumzi, akaondoka, na sikumwona akisita tena. Tulipita kando ya mto, tukapanda kwenye nyasi zilizolowa, tukaruka vizuizi vya mbao, mbwa wakitangulia na mchungaji wa kanisa, mwanamke mwenye raba za kukimbilia, akisali sala fupi penye kila alama kabla fimbo hazijashuka. Sauti ya fimbo zile juu ya jiwe ilikuwa kavu na ya furaha. Penye jiwe moja Mama alinisimulia kwamba zamani bwana mmoja alilisogeza kwa siri ili ale sehemu ya malisho ya wote, na wanawake wa kijiji wakatoka na majembe na watoto mgongoni, mchana kweupe, wakalirudisha. "Watoto mgongoni," alirudia, akinitazama, kwa sababu nilikuwa nimemweleza jinsi nilivyofika Durban.

Jiwe la mpaka lililofuata lilikuwa karibu na shamba letu. Mzee alisimama, akaangaza uso. "Sasa nakujibu. Mnalala nje ya kijiji. Nyie ni wageni, kwa upana wa ua mmoja."

"Basi tumtie ndani," alisema Mama.

Hapo ndipo nilipojua sehemu ya desturi ambayo hakuna aliyeniambia. Anayetembea mpaka kwa mara ya kwanza hushikwa mikono na miguu, akainuliwa, na makalio yake yakagongwa juu ya jiwe, ili mwili usisahau. Zamani walikuwa watoto wa kijiji. Siku hiyo nilikuwa mimi. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, Kifaransa na Kizulu. Walinigonga kwa heshima zote, wakanishusha, na mchungaji akaniombea.

"Umekumbuka?" aliuliza mzee.

"Nitakumbuka nikikaa," nilisema.

*

Mchana ule ule nilimpigia baba simu. Alikuwa nje ya geti la bandari, kwenye mapumziko, nilisikia malori. Nilimsimulia yote, kizingiti, kondoo, fimbo nyeupe, na jinsi mwenyekiti wa kijiji alivyonipokea nilipojitambulisha.

"Unaona?" alisema. "Chef iko. Kila fasi chef iko."

Kisha nikamsimulia la jiwe na makalio. Baba yangu si mtu wa kucheka kwa sauti. Siku ile alicheka mpaka nikasikia mwenzake akimwuliza kuna nini. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, na katikati ya kicheko kile, bila kuombwa, alisema, "Miye babu alinifinya sikio."

Nilibana simu sikioni.

"Kila penye alama. Anafinya, anasema, *hapa*. Tukifika nyumba sikio iko nyekundu kama pilipili, mama yangu anamukasirikia." Lori likapita. "Eish. Ile sikio."

"Mlianzia wapi, Papa?"

"Nini?"

"Wewe na babu. Mlikuwa mnaanzia wapi?"

"Nikikaa siwezi kujua," alisema. "Mapumziko imeisha."

*

Nilirudi Durban baridi ya Juni ikiwa imeanza, ile baridi yetu ya uongo yenye jua kali. Jumapili ya kwanza, tulipotoka kanisani, nilimwambia baba tukatembee. Hakuniuliza kwa nini. Alichukua mwavuli wake mrefu ingawa mbingu ilikuwa safi. Nilishika simu, tayari kurekodi.

Tulitokea mlango wa mbele, tukashuka mtaa, tukafika kwenye roboti, kama tunavyoziita hapa taa za barabarani. Baba alitazama kushoto, kulia, kushoto. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani. Teksi zikatupigia honi tupande. Uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango.

"Hapana," alisema. "Haiko hivi. Mimi nimesahau, ma fille. Turudi."

Tulirudi. Lakini tulipofika kwenye ngazi za jengo letu baba alisimama, mguu mmoja juu.

"Mlango ya mbele ni ya wageni," alisema, kama anajisemea. "Mwenye nyumba hatokei pale. Babu alinitoa nyuma ya jiko."

Tukazunguka jengo. Nyuma ya jiko letu kuna mapipa ya takataka, kamba za nguo, na paka asiye na mtu. Baba alisimama pale, mgongo kwenye dirisha letu, akanyoosha mkono wa kushoto kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Mukono ya kushoto ni kwetu. Mukono ya kulia ni kwa wenzetu," alisema. "Ndivyo alianza." Akaondoka.

Ninaandika jambo hili miezi imepita, na bado sijui nieleze vipi nilichokiona. Overport imejengwa kwenye mteremko, na baba aliutumia kama kilima chake. Alipanda kichochoro cha nyuma kwa hatua fupi za mtu anayejua matope. "Hapa miti ya muvumu mubili, zimeshikana," alisema, akagonga nguzo ya umeme kwa ncha ya mwavuli. Akapinda. "Hapa jiwe ya kunolea panga." Akagonga kifuniko cha maji cha baraza la mji. Nilimfuata na simu, nikiogopa hata kukanyaga kwa sauti.

Njia yetu ikatupitisha mbele ya saluni ya mama. Jumapili hufungua mchana kwa ajili ya wateja wanaofanya kazi wiki nzima. Alitoa kichwa mlangoni, kitana mdomoni.

"Papa ya watoto! Umepoteza mbuzi?"

"Niko mupakani!" baba alijibu bila kusimama.

"Mupaka ya nani? Utaniletea polisi!" Kisha akaniona mimi, akaona simu, na uso wa baba. Akatoa kitana mdomoni. Hakutania tena. Alisimama pale mlangoni mpaka tulipopinda kona.

Juu, mahali ambapo barabara inatambaa kwenye mgongo wa mtaa na bandari yote inaonekana chini na kreni zake, baba alipunguza mwendo. "Sasa tuko juu. Mgongo ya kilima. Tunaenda mpaka kwa jiwe inalia."

"Jiwe linalolia?"

"Ukiipiga inalia kama sufuria. Zingine zote ni bubu. Babu alisema, ukipotea, piga mawe, utaisikia."

Alitembea kidogo, kisha akasimama kabisa, kando ya ukuta wa jengo la fleti uliopakwa rangi ya waridi. Hakugonga kitu. Nikaelewa kwamba tumefika penye kaburi la bibi.

"Siku ile tuliondoka," alisema, akiutazama ukuta, "mama yangu alikufa asubuhi, bila risasi, bila kitu. Moyo tu. Batu banakimbia. Weye uko kwa mgongo ya mama yako. Nilichimba haraka, fasi udongo ilikuwa laini. Sikuangalia. Kisha tukashuka." Aliegemea mwavuli. "Miaka yote naogopa nilimuzika kwa batu. Kama mwizi. Bakiniuliza mupaka, nasema nimesahau. Kweli nilikuwa nimesahau. Na nilikuwa nafurahi nimesahau."

Nilimwonyesha tu mkono wake. Ukuta wa waridi ulikuwa upande wa kushoto.

Aliutazama mkono ule, kisha ukuta, kisha mbele, mahali barabara ilipokuwa inaendelea. "Jiwe iko mbele," alisema polepole. "Bado hatujafika kwa jiwe. Tunapita hapa, tunaenda kwa jiwe, ndiyo tunashuka kijito." Akauweka mkono wa kushoto juu ya ukuta. "Iko ndani. Mama iko ndani."

Alimaliza njia yote. Aligonga penye jiwe, ambalo kwetu lilikuwa ukingo wa kituo cha basi, akashuka kijito, ambacho kilikuwa mtaro, akarudi mpaka kwenye mapipa nyuma ya jiko. Hapo alinigeukia, akanishika sikio la kulia, akalifinya kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Machozi yalinitoka.

"Hapa," alisema.

*

Jioni ile nilimtumia binamu yangu sauti yote, kuanzia nyuma ya jiko, pamoja na honi na makelele ya mama. Kesho yake mchana alitupigia. Baba alikuwa na siku ya mapumziko, mama alikuwa ameacha mteja kichwa nusu, na sote watatu tuliinamia simu kwenye meza ya jikoni.

Upepo. Pumzi za mtu aliyepanda. Alisema kwamba aliyatafuta mabaki ya jiko la zamani, akayapata, akaanza na mkono wa kushoto. Wazee wa ng'ambo walikuwa wamefuatana naye. Katika ile mivumu miwili, ulikuwa umebaki mmoja. Jiwe la kunolea lilikuwa limezama, lakini lilikuwepo. Kaburi walilipita upande wa kushoto, na mzee mmoja wa ng'ambo alivua kofia.

"Sasa niko juu, Papa mukubwa. Mawe iko mengi. Sikiliza."

Tukasikia fimbo ikigonga. Sauti nzito, bubu.

"Haiko hiyo," alisema baba.

Ikagonga tena, kwingine. Bubu.

"Nenda mbele. Mbele kidogo, kwa wenzetu. Polepole."

Hatua. Majani yakichakaa. Watu wakisemezana kwa mbali. Kisha fimbo ikashuka, na kitu kikalia ndani ya simu, chembamba na kirefu, kama sufuria iliyoangushwa kwenye nyumba ya mbali. Kule mlimani watu walipaza sauti wote kwa pamoja. Mama alishika mdomo.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, sikio lake karibu kabisa na meza.

"Mwambie apige tena," alisema.